Moshi wa Jikoni na Kifua cha Mtoto



Mabwawa ya Kindaruma na Kiambere, hapo Mto Tana, huzalisha umeme, na nyaya hupita juu ya mashamba ya Mbeere. Hata hivyo nyumba nyingi, hata zenye stima, bado hupika kwa kuni. Mtoto aliye mgongoni huvuta moshi ule ule unaokutoa machozi, na moshi huo humzidishia hatari ya nimonia.

Sikwambii ununue gesi leo. Bei yake naijua. Loweka mahindi na maharagwe ya githeri usiku kucha, yataiva upesi. Tumia kuni kavu. Mtoto abaki nje na mtu wa kumwangalia.

Akikohoa, mfunue kifua akiwa ametulia, uhesabu pumzi kwa dakika moja nzima. Wa miezi 2 hadi 11 akifikisha 50, au wa mwaka 1 hadi 5 akifikisha 40, mpeleke zahanati siku hiyo hiyo. Wa chini ya miezi 2, usihesabu, mpeleke tu. Kifua kikibonyea ndani, au akishindwa kunyonya, usingoje kupambazuke.