Lenzi ya Jicho Ikihama

Aliyepasuliwa mtoto wa jicho akatiwa lenzi ya bandia, kisha baada ya miaka, pengine kwa kuanguka au kupigwa, akaanza ghafla kuona ukungu, au taa moja kuwa mbili, au ukingo wa lenzi yenyewe, na afahamu kwamba huenda imehama, kwa kuwa nyuzi nyembamba zinazokishika kifuko chake zimelegea. Matone hayairudishi. Narudia: matone hayairudishi. Tabibu mpasuaji ndiye awezaye kuirudisha, kuishona katika ukuta mweupe wa jicho, au kuibadilisha. Basi usilifikiche jicho. Nenda upesi hospitali ya macho, na kadi yako ya upasuaji mkononi. Ukiona vimulimuli, au kivuli kama pazia, nenda saa hiyo hiyo, hata iwe usiku.