Tulivyokwea Mlima Tabor

Tumeagizwa tuseme habari za hija yetu ya Nchi Takatifu. Tukisema zote jua litatuchwea hapa; basi tumechagua siku moja tu, ile tuliyokwea mlima Tabor.

Kwanza yafaa tuondoe kosa. Wengi wetu tangu utoto twasikia ya kwamba mji huu ulipewa jina la mlima ule, na sisi walimu tumelisema hilo mbele ya watoto kwa kuwa lilitupendeza. Wazee husimulia vingine. Jina, wasema, limetoka katika matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyopikwa, vikakatwa, vikaanikwa juani. Nasi twaona neno lao lina nguvu, kwani ni nani aliyehitaji chakula kisichooza kuliko mpagazi wa njia kuu ya Bagamoyo na Ujiji?

Mlima wenyewe wasimama peke yake katika uwanda wa Yizreeli, si mbali na Nazareti, mviringo kama chungu kilichofudikizwa. Tulipoambiwa kimo chake tulitazamana. Haufiki mita 600 juu ya usawa wa bahari, na mji wetu wa Tabora u karibu mita 1,200! Mama mmoja mzee wa chama chetu akasema, "Kumbe tumeteremka ili tukwee." Injili haitaji jina la mlima ambapo Bwana wetu aligeuka sura, yasema ulikuwa mrefu tu, kwa hiyo wako wataalamu wanaoelekeza kwenye Hermoni, unaopita mita 2,800. Lakini Sirili wa Yerusalemu aliutaja Tabor katika karne ya nne, na mahujaji hawajaacha kuukwea tangu zamani hizo.

Wala si mlima wa sala tu. Hapo Debora na Baraka walikusanya watu wao juu ya Sisera. Hapo chini, mwaka 1799, askari wa Napoleon walipigana na Waturuki. Tulipoyasikia hayo tulimkumbuka mtemi Isike, aliyewasha baruti ndani ya boma lake mwezi wa Januari 1893 Wajerumani walipoingia, tena Wabelgiji walioutwaa mji wetu mwezi wa Septemba 1916.

Mabasi makubwa hayawezi kona za njia ile. Watu hupandishwa kwa magari madogo. Wazee wetu walipanda, nasi wengine tukaenda kwa miguu.

Juu liko kanisa la Wafransisko, lililomalizika mwaka 1924, kazi ya msanifu Antonio Barluzzi. Mbele yake pana minara miwili, na ndani ya minara vikanisa viwili, kimoja cha Musa na kimoja cha Eliya. Hivyo vibanda vitatu alivyovitaka Petro vimekwisha jengwa, ingawa alichelewa kusikilizwa. Padri mmoja akatuuliza tulikotoka. Tulipojibu "Tabora" alifurahi mno, akadhani ni watoto wa mlima waliorudi nyumbani. Tulinyamaza kidogo, kwani furaha yake ilikuwa tamu. Ndipo mwalimu mmoja akamweleza habari za viazi. Padri akacheka hata akashika ubavu, akataka kujua huanikwa siku ngapi.

Kisha tukasoma Injili. Mwenzetu aliyesoma hakukoma pale somo linapokoma kila mwaka, bali aliendelea hata chini ya mlima, kwa yule baba aliyemleta mwanawe mwenye kifafa, na wanafunzi wasiweze kumponya. Hapo tukainamisha vichwa, kwa sababu tulikuwa na mtoto wetu.

Mtoto huyo alianguka darasani, povu likamtoka. Wazazi wengine wakanung'unika, nasi walimu tukamwambia mama yake akae naye nyumbani hata apone. Tuliogopa mate yake, ingawa kifafa hakiambukizi kwa mate wala kwa kugusana, na waganga wa hospitali wana dawa za kukituliza. Alikaa nyumbani miaka miwili. Wakati huo tulichanga fedha za hija.

Juma lile tuliporudi, wawili wetu tulikwenda kwa mama huyo. Alitusikiliza hata mwisho. Hakusema ametusamehe, wala hatukumwomba aseme. Aliuliza neno moja tu: "Akianguka tena, nani atakayemshika?" Hatukuwa na jibu siku ile. Tulikwenda kwa muuguzi, akatufundisha kuondoa vitu vigumu karibu naye, kumlaza ubavu, kutomtia kitu chochote kinywani, na kumkimbiza hospitali ikiwa degedege lapita dakika tano. Ndipo tukarudi kwa mama na jibu.

Sasa mtoto yumo darasani. Ameanguka mara mbili tangu arudi. Mara ya pili wenzake walijua la kufanya kabla ya mwalimu kufika. Dawa yake ni ya kila siku, na mwalimu mmoja humsindikiza kwenda kuichukua.

Ninyi mliotoka vigangoni, ikiwa mwajua mtoto mwingine aliyefichwa nyumbani kwa ugonjwa huu, twawaomba msiondoke leo bila kutuona. Tutakuwa chini ya mwembe, upande wa shule, mpaka jioni, na muuguzi atakuwa pamoja nasi.