Mtoto hawekwi rehani: maneno tuliyosema kwa vijana wa Butembo na Beni juu ya wazazi walioachana

Leo sitasema juu ya barabara wala juu ya usalama. Nitasema juu ya kitu kinachotokea ndani ya nyumba zetu na tunaona haya kukitaja: mtu na mwenzake wameachana, sasa mtoto atabaki na nani, na nani atamulisha?

Munajua namna inaendaka kwetu. Kijana na binti wanaanza kukaa pamoja, mbuzi za mahari hazijatoka zote, ao hata moja haijatoka. Mtoto anazaliwa. Kijana anaenda Mangurujipa kutafuta zahabu, feza inakuja miezi miwili, kisha simu inanyamaza. Ao familia ya baba inafika asubuhi, inabeba mtoto, inasema "huyu ni wa ukoo wetu". Ao mama anamwambia baba: "Haulete kitu, hautamuona." Hawa wote wanamuweka mtoto rehani. Sheria ya Kongo haikubaliane na hata mmoja wao.

Tuanze na mahari, juu ndiyo inadanganya watu sana. Code de la famille, ile ya mwaka 1987 iliyorekebishwa mu 2016, inasema mu artikle 591 kwamba kila mtoto wa Kongo anapaswa kuwa na baba, na hakuna mwenye ruhusa ya kumukana mtoto wake, awe amezaliwa mu ndoa ao inje ya ndoa. Mbuzi ni maneno ya wakwe. Uji wa mtoto haungojee mbuzi. Baba asiyeoa anaweza kwenda kwa état civil kusema mtoto ni wake. Akikataa, mama anaweza kuomba tribinali itafute na itambue baba. Na muandikishe watoto mu siku 90 za kwanza, juu bila karatasi kila mlango unakuwa mugumu. Aliyepitisha siku hizo, na wako wengi kati ya wale waliokimbia pande za Eringeti na Mbau, ataomba jugement supplétif.

Sasa, kwenda wapi? Kwa tribinali. Watu wananiambia: "Tribinali si zilifungwa na état de siège?" Hapana! Tangu tarehe 6 Mei 2021, yaliyopelekwa kwa majuji wa kijeshi ni mambo ya penale. Ugomvi wa familia ulibaki kwa majuji wa civil. Kwa hiyo askari, hata akiwa rafiki yako wa kartie, hana nguvu ya kukata nani atalea mtoto. Ukimulipa akuletee mtoto, umetupa feza, na mtoto amejifunza kuogopa.

Juji ataangalia nini? Si nani alimuacha mwenzake tu. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ya kulinda mtoto inaweka faida ya mtoto mbele, na mtoto anayeweza kuelewa ana haki ya kusikilizwa. Juji anaweza kumupa mama, ao baba, ao hata mtu mwingine kama nyanya. Yule asiyebaki na mtoto anahifadhi haki ya kumutembelea, na anabaki na deni la kuchangia malezi kadiri ya uwezo wake.

Kadiri ya uwezo: hapa vijana wanatabasamu. "Mimi sina kazi." Mimi pia sina, nina diplome ya universite na ninauza unité za simu. Lakini uwezo mudogo si sifuri. Shule ya msingi ya leta ni bure tangu 2019, ndiyo, lakini daftari, kiatu na dawa si bure. Na wewe mama, baba akikawia kutuma, peleka maneno ya feza kwa juji, usimufiche mtoto. Kutembelea ni jambo moja, kulisha ni lingine.

Chungeni ushahidi. Message za M-Pesa na Airtel Money musizifute. Resi za shule, fishi za hospitali, tarehe mtoto alipochukuliwa, wekeni pamoja. Baba anayeleta feza mukononi, aombe signature, ao alete mbele ya shahidi.

Mimi napenda familia zikae kwanza, wajomba na mashangazi, na wanachokubaliana kiandikwe. Lakini pale kuna kupigwa, musipoteze siku kwa vikao.

Kwa feza ya avoka: baraza la maavoka lina bureau de consultations gratuites. Ulizeni kwa greffe ya tribinali. Muombe pia attestation d'indigence kwa Affaires sociales, ili kuonyesha kwamba hamuna njia. Na mbele ya tribunal de paix mutu anaweza kusimama mwenyewe, bila avoka.

Nitasimama hapo. Yule mama wa nyuma ameinua mkono tangu mwanzo, mumupe mikro.