Onyo la Bahari Halina Faida Bila Msikilizaji



Mwalimu aliyepangiwa kazi Mafia huvuka bahari kutoka Nyamisati hadi Kilindoni. Mganga aliyehamishiwa Ukerewe huvuka ziwa. Katika safari hizo roho za abiria zimo mikononi mwa nahodha, na uamuzi wa nahodha hautakuwa bora kuliko habari alizo nazo. Tarehe 18 Julai, 2012, meli ya Skagit ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe, ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja, wakati wa upepo mkali. Huo ni msimu wa kusi, na kila mvuvi anaujua. Lakini kuujua msimu si kuijua siku.

Waingereza walifundishwa jambo hili na msiba. Usiku wa kuamkia tarehe 26 Oktoba, 1859, meli ya Royal Charter ilivunjwa na tufani kwenye pwani ya Anglesey, na watu zaidi ya 400 wakafa. Baada ya msiba huo Robert FitzRoy, aliyeongoza idara ya hali ya hewa, alianzisha maonyo ya dhoruba mwaka 1861. Habari zilipelekwa bandarini kwa simu ya maandishi, kisha alama zikapandishwa mlingotini ili mabaharia wazione. Hata hivyo, aliyekwisha kung'oa nanga hakuweza kuziona tena.

Pengo hilo ndilo lililozibwa na redio ya VHF. Siku hizi walinzi wa pwani wa Uingereza hutangaza hali ya hewa kila baada ya saa tatu. Kwanza huita katika chaneli ya 16, ambayo ni ya wito na ya dharura, kisha hutaja chaneli nyingine itakayosomwa utabiri. Nahodha huhamia huko, husikiliza, huandika, halafu hurudi chaneli ya 16. Tangazo la usalama hutanguliwa na neno la Kifaransa "sécurité", linalotamkwa mara tatu.

Ni dhahiri basi kwamba kuwa na chombo hakutoshi. Hapana budi kukijua. Mawimbi ya VHF husafiri karibu katika mstari ulionyooka, wala hayapiti chini ya upeo wa macho. Ikiwa antena ya kituo cha pwani ina kimo cha mita 100 na ya mashua mita 4, sauti itafika kiasi cha maili 27 za baharini. Baina ya mashua mbili zenye antena za mita 4, itafika kiasi cha maili 9 tu. Kwa hiyo antena iliyolazwa sitahani hupunguza masikio ya chombo. Vivyo hivyo, kitufe cha kunyamazisha mkwaruzo kikikazwa kupita kiasi, humnyamazisha pia mtangazaji aliye mbali. Nahodha hudhani bahari imetulia, kumbe redio yake ndiyo iliyozibwa kinywa.

Aidha, utabiri husikilizwa kwa kalamu mkononi. Upepo unaotoka wapi? Nguvu yake ni ipi? Utabadilika lini? Katika kipimo cha Beaufort, nguvu ya 6 ni upepo wa noti 22 hadi 27, na nguvu ya 8 ni noti 34 hadi 40. Asiyeandika huchanganya namba hizo, na kosa hilo baharini halina masahihisho.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa upepo na mawimbi kwa bahari na maziwa. Kazi ya mtabiri huishia hapo. Iliyobaki ni ya msikilizaji. Abiria mwenye elimu asione haya kumwuliza nahodha kabla ya safari: "Utabiri wa leo unasemaje, na redio inafanya kazi?" Mwalimu wa kijiji cha wavuvi awafundishe watoto kuusoma utabiri, kwani watakwenda nao nyumbani. Na mtumishi mwenye haraka ya kuwahi kikao asimshurutishe nahodha aliyesikia onyo akaamua kungoja.

Wahenga walisema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nchi kavu guu huungwa. Baharini, asiyesikia huzama pamoja na waliomwamini.