Si Kila Kutweta ni Kideri

Kifaranga akitweta mdomo wazi, mfugaji wa Kibakwe, wilayani Mpwapwa, aghalabu huwaza kideri, kisha hukimbilia duka la dawa kununua antibiotiki. Lakini upo ugonjwa wa mapafu unaoletwa na kuvu wa jamii ya Aspajilasi, na antibiotiki haziui kuvu. Ugonjwa huu kuku hawaambukizani; wote huvuta vumbi lile lile la ukungu kutoka kwenye maranda yaliyolowa au chakula kilichovunda. Ukimpasua aliyekufa, mara nyingi utakuta vinundu vyeupe au vya manjano mapafuni.

Kuvu wa jamii hiyo hiyo ndio hutengeneza sumukuvu, iliyoua watu mikoani Dodoma na Manyara mwaka 2016. Kwa hiyo mahindi yaliyoota ukungu tusiyoyataka mezani, tusiwatupie kuku.

Kutibu kundi zima ni gharama isiyolipa. Kinga iko ndani ya uwezo wetu: maranda makavu, banda linalopitisha hewa, vyombo visafi. Mfugaji, vifaranga wakianza kufa, mwone afisa mifugo kabla hujanunua dawa.