Masomo yasifungwe na karatasi ya mtu mmoja



Mwezi wa tatu 2020, masomo ilipofungwa kwa ajili ya Covid, walituambia: somesheni kwa intaneti. Tulicheka kwa uchungu. Kuko kura? Kuko mega? Lakini kuko swali ingine hatukuuliza: hizo programu za kusomesha, mwenyewe ni nani?

Nitawaeleza kesi moja ya Marekani. Kampuni Blackboard ilikuwa inauzia vyuo vikuu programu za masomo. Mwaka 2006 serikali ya kule iliipa breve, ni kusema karatasi yenye kukataza wengine kutumia wazo lako bila ruhusa yako. Wazo lenyewe? Mtu anaingia mara moja tu, halafu katika somo hili yeye ni mwalimu, katika lile ni mwanafunzi. Ni hiyo tu! Mwaka ule ule ikashitaki mshindani wake wa Kanada, Desire2Learn. Mwaka 2008, tribinali ya Texas ikaipa ushindi na dola zaidi ya milioni 3.

Walimu na watengenezaji wa programu hawakunyamaza. Walijua wengi walifanya kazi hiyo mbele. Wakakusanya ushuhuda kwenye Wikipedia, mwaka kwa mwaka: nani alitengeneza nini. Mwaka 2007 Blackboard ikaahidi haitashitaki programu huria kama Moodle. Mwaka 2009 korti ya rufaa ikavunja madai yake yote yaliyokuwa mbele yake.

Juu ya nini niko naleta hii habari hapa? Kweli, breve ya Marekani haina nguvu Bukavu. Lakini Desire2Learn ilikuwa na pesa ya kulipa avoka miaka mitatu. Kijana wetu mwenye kutengeneza programu ya hesabu kwa Kiswahili, siku anataka kuiuza inje, atalipa na nini? Barua moja tu itamunyamazisha. Na kampuni ikibaki peke yake sokoni, bei ni yake, masomo ya watoto wetu iko mukononi mwake.

Kwa hiyo, wakubwa wa masomo: mbele ya kusaini mkataba wa programu kwa pesa ya raia, mutuonyeshe huo mkataba. Kama programu huria inatosha, muchague hiyo.

Na sisi: tukitengeneza kitu, tukiandike, tuweke tarehe, tukitangaze wazi. Ushuhuda wa namna hiyo uliwasaidia wale. Kesho utatusaidia sisi.