Kamera ya Mizani: Nani Aone, Nani Asikie



Katika sherehe hii ya mwaka wa kumi tumeombwa tueleze habari ya kamera iliyotundikwa juu ya mizani ya ghala letu. Wengi hudhani picha zake hukaa ndani yake kama maji mtungini. Sivyo. Kamera ya namna hii ni kompyuta ndogo yenye anwani yake mtandaoni. Mwenye anwani hiyo, pamoja na jina na neno la siri, hubisha hodi kwa programu yake, mara nyingi katika mlango namba 554, kwa kanuni iitwayo RTSP iliyotangazwa mwaka 1998. Nayo kamera humjibu kwa mikondo miwili, wa picha na wa sauti.

Neno la siri litokalo kiwandani halifai kuachwa hata siku moja. Mwaka 2016 programu ovu iitwayo Mirai iliteka kamera nyingi mno duniani kwa kujaribu maneno hayo tu.

Wanachama wanataka kuiona mizani, na ni haki yao, maana kilo ni jasho lao. Twashauri wapewe mkondo wa picha, kwa jina lisiloweza kugeuza chochote. Sauti izimwe: mkulima amwelezaye karani deni lake hakuja kuwahutubia jirani zake. Neno kuu la siri lishikwe na wawili, mmoja wa kamati na mmoja wa wakulima, nao wachaguliwe leo kabla ya chakula.